Uzinduzi wa Tangazo la Mlango

Jumatano, tarehe 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito na upepo wa baridi. Mvua ilitishia kunyesha, kisha ikaghairi.

Siku hiyo, kwa neema ya Mwenyezi Mungu na kwa maelekezo ya Mkurugenzi, Mamlaka ya Uratibu ilizindua rasmi tangazo la mlango. Naandika jinsi mambo yalivyokwenda kwa sababu mtaani yanasemwa mengine kabisa, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo. Tangazo lenyewe niliandika mimi. Yaani, maneno sita ya kwanza.

Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Matangazo. Mamlaka yetu inaratibu. Tunachokiratibu hubadilika kila anapokuja mkurugenzi mpya, lakini kuratibu kwenyewe hakujawahi kusimama hata siku moja. Mkurugenzi wa sasa ni mtu mwenye maono. Mwaka huu aliutangaza kuwa Mwaka wa Maandishi Yanayoeleweka. Alitoa hotuba ndefu, hatukuielewa, tukampigia makofi tukiwa tumesimama.

Nilifurahi kuliko wenzangu, kwa kuwa mimi tayari nilikuwa najifunza. Kila Jumatatu na Jumatano jioni nakwenda shule ya msingi iliyo nyuma ya stendi, ambako kuna darasa la watu wazima la kuandika mambo ya kweli: taarifa, maelekezo, wasifu wa mtu. Viti ni vya watoto wa darasa la pili. Ukikaa, magoti yanakaribia kidevu. Mwalimu wetu ni binti wa rika la mwanangu wa mwisho, na hasahihishi kwa maneno mengi. Pembeni ya kazi yako anaandika kwa kalamu nyekundu: Nani? Ana shida gani? Anataka nani afanye nini? Basi. Unarudi nyumbani na maswali yako.

Nilijiunga kwa ajili ya mama yangu. Mama yu hai, anasikia vizuri, na amesema anataka nimwandikie maisha yake apate kuyasikia kwa masikio yake. Hana haraka ya kufa, alisema, lakini kusubiri pia hajui. Nikaandika kurasa mbili, nikampa mke wangu azipitie. Zilianza hivi: "Mhusika alitekeleza majukumu ya uzazi katika awamu tano." Mke wangu alisoma, akavua miwani, akanitazama.

"Baba watoto, huyu ni mama yako au ni idara?"

Nilikuwa nimekwisha kuanguka mtihani wa darasa hilo mara mbili. Anayeanguka mara ya tatu anampisha mwingine, maana viti ni vichache na hata hivyo vidogo vinagombaniwa. Mtihani ni mmoja tu. Unaleta andishi lako la kazini, na ushahidi kwamba mtu asiyekuonea haya amelisoma na akafanya kile linachosema. Siku ya mwisho ya kuleta ilikuwa hiyohiyo Jumatano, saa kumi na mbili jioni.

Huwa nasali kabla ya kuandika. Namwomba Mungu anipe kitenzi, maana nomino ninazo tele. Mwalimu aliwahi kuniuliza jambo hilo mbele ya wenzangu.

"Mzee wangu, ukisali unasemaje?"

"Nasema, Mungu wangu, mponye mjukuu wangu homa."

"Mbona huandiki hivyo?"

"Mwalimu," nikamwambia, "Mungu hana masjala."

Sasa niueleze mlango. Ghorofa ya chini tuna stoo ya mafaili ya zamani, chumba kisicho na dirisha. Mkono wa kitasa upande wa ndani ulianguka zamani. Ule wa nje upo, ila unazunguka tu bila kushika kitu. Ukiingia ukaufunga mlango nyuma yako, umekwisha. Ni fundi peke yake, kwa bisibisi na chuma chake kilichopinda, anayeweza kukutoa. Mama wa usafi alifungiwa humo tangu asubuhi hadi watu wamemaliza chakula cha mchana. Alipiga kelele, fundi akasikia, akamfungulia.

Kwa kitendo hicho fundi aliandikiwa barua ya karipio. Mkurugenzi alikuwa na haki. Mlango wa serikali ulifunguliwa bila maandishi yoyote. Ukatoka waraka, ukabandikwa kila ghorofa: "Hakuna hatua itakayochukuliwa kwa kufuata maneno ya mdomo, yawe ya nani." Maneno matatu ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, kwa mkono wake.

Nikaagizwa kuandaa tangazo. Nikasali, nikaketi, nikaandika: "Usifunge mlango huu. Kwa ndani haufunguki." Niliyatazama maneno yangu sita, machozi yakanilengalenga. Nikaona huo ndio mtihani wangu.

Kwetu andishi lina safari yake. Kila afisa linayempitia hana budi kutia neno. Ukilipitisha bila kutia neno, utaulizwa ulikuwa unafanya nini. Na neno likishatiwa halitolewi, kwa sababu kutoa neno la mwenzako ni sawa na kumtoa yeye kwenye kiti. Utaratibu huu umeleta amani kubwa ofisini. Hatujawahi kugombana, na hatujawahi kufuta.

Mwanasheria akatia: "isipokuwa pale ambapo kufunga kutakuwa kumeridhiwa." Mtu wa usalama akatia: "bila kuathiri haki ya mlango kufungwa." Afisa Itifaki akatanguliza salamu kwa wadau wote, wageni waalikwa, na watakaojaliwa kufika. Naibu Mkurugenzi, ambaye ni mtu mpole, aliona neno "usifunge" lina ukali, akatia mbele yake "ikikupendeza." Palipoandikwa "haufunguki" Mkurugenzi akatia: "kwa sasa, ingawa mafanikio makubwa yamepatikana."

Liliporudi kwangu lilikuwa limejaza karatasi kubwa ya bango, juu hadi chini. Nililitafuta neno "mlango" kwa kidole.

Halafu ikaja hoja ya mahali pa kulibandika. Kikao kilikaa. Upande wa nje wa mlango tayari kulikuwa na picha ya Mkurugenzi akitabasamu, yenye maneno "Mwaka wa Maandishi Yanayoeleweka." Afisa Itifaki akasema picha hiyo haiwezi kushuka. Naibu akasema, kwa busara, kwamba tatizo liko upande wa ndani, hivyo na tangazo likae upande wa ndani. Tukakubaliana. Likabandikwa nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu hawezi kulisoma mpaka mlango uwe umefungwa.

Kwa hiyo asubuhi ile tulijipanga ukumbini, mlango wa stoo ukiwa wazi na utepe umefungwa mbele yake. Mama wa usafi alikuwepo, Katibu Muhtasi alikuwepo na trei ya soda, fundi alikuwepo kwa kuwa ndiye aliyefunga utepe. Mkurugenzi alikata. Akaingia yeye, Naibu na Afisa Itifaki, maana chumba hakichukui zaidi ya watu watatu na heshima zao. Akasema sasa atalisoma tangazo kwa niaba ya taifa.

"Silioni," tulimsikia akisema.

"Liko nyuma ya mlango, Mheshimiwa," akajibu Afisa Itifaki.

"Basi usukume."

Mlango ukalia *tak*. Tukapiga makofi.

Alisoma kwa sauti nzuri, ingawa ilitufikia kama ya mtu aliyeko ndani ya pipa. Kila aliposhusha pumzi tulipiga makofi. Alipomaliza tulipiga makofi marefu. Kisha mlango ukagongwa kutoka ndani, na sisi, kwa kutojua ni sehemu gani ya ratiba, tukapiga makofi tena.

"Fungueni," alisema Mkurugenzi.

Hakuna aliyesogea. Katibu Muhtasi akanikonyeza. Mimi ndiye mkubwa niliyebaki nje, ikanibidi niongee.

"Mheshimiwa, shikamoo tena. Hilo ulilolisema umelisema kwa mdomo."

"Nimesema fungueni."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na waraka unasema, yawe ya nani."

Mama wa usafi akaweka ndoo yake chini taratibu, akaikalia.

Nikamgeukia fundi. "Ndugu yangu, wewe unaonaje?"

"Mimi sina ninachoona," alisema fundi. "Barua moja inanitosha. Mke wangu aliisoma akafikiri nimeiba. Waandike. Nikielewa, nafungua. Nisipoelewa, nakwenda kunywa chai."

"Umesikia, Mheshimiwa?" nikauliza.

"Nimesikia. Karatasi hakuna."

"Ipo ya tangazo," ilisikika sauti ya Naibu, ndogo.

Tukasikia karatasi ikichanwa. Baada ya muda, chini ya mlango kikapenya kipande cha bango, kimeandikwa mgongoni. Nikakisoma kwa sauti, kama inavyostahili barua ya kiongozi:

"Kwa kuzingatia umuhimu wa mazingira wezeshi ya mzunguko wa watendaji baina ya ndani na nje, uongozi unapenda kuufahamisha umma kuwa suala la mlango linaendelea kufuatiliwa kwa ukaribu."

"Wanalifuatilia," alisema fundi. "Vizuri. Na wako karibu nalo kweli. Mimi naenda chai."

"Subiri," nikamwambia.

Hapa naomba nieleweke. Sikufanya kwa utovu wa adabu. Barua ya kikazi lazima ijibiwe, na mimi jibu lingine sina zaidi ya nililofundishwa. Nikafumba macho nikasali kwa ufupi. Nikatoa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni ya kipande kile: Nani? Ana shida gani? Anataka nani afanye nini? Nikakirudisha chini ya mlango.

Ndani wakanong'ona. Kikaja kingine:

"Menejimenti ya juu, pamoja na salamu za dhati kwa wadau wote, inakabiliwa na changamoto ya kimlango."

"Ya kimlango," alirudia Katibu Muhtasi.

"Ni ugonjwa huo?" aliuliza fundi.

"Itakuwa wa tumbo," alisema mama wa usafi. "Mimi nilipokuwa humo tumbo ndilo lililonisumbua."

Nikaandika yaleyale pembeni, nikasukuma. Safari hii tukasikia sauti zikipanda. Mkurugenzi alikuwa akizungumza na Afisa Itifaki.

"Hizo salamu ondoa."

"Mheshimiwa, kuziondoa ni kuniondoa mimi."

"Ndiyo ninachokitaka. Sote tuondoke humu."

"Lakini utaratibu wetu..."

"Bwana, huoni giza? Nani amezima taa?"

"Swichi iko nje, Mheshimiwa," tulimsikia Naibu. "Nadhani mtu ameiegemea."

Nilikuwa mimi. Nikajiondoa ukutani, taa ikawaka, nikaomba radhi kwa mdomo, jambo ambalo waraka haulikatazi.

Kikaja kipande kingine, na kingine tena. Katika kimoja "Menejimenti" ilikuwa imekatwa kwa mstari, juu yake pameandikwa "Sisi." Nikamwonyesha Katibu Muhtasi. Amefanya kazi kwetu tangu usichana na hakuwahi kuona neno limekatwa. Aliligusa kwa ncha ya kidole. Katika kinachofuata waliandika, "Sisi hatujaweza kutoka," na fundi akasema kwamba hata yeye hajaweza kutoka kwenda chai; je, wao wanataka nani afanye nini? Nikayapigia mstari maswali yote matatu. Nilijisikia kama yule binti wa darasani, na nikamwomba Mungu anisamehe kwa kuona raha.

Bango lilikuwa limekwisha. Kipande cha mwisho kilichopenya chini ya mlango kilikuwa chembamba kama utambi, kimechanwa kwenye ukingo wa tangazo, na juu yake hapakuwa na nafasi ya kuratibu chochote. Kilisema:

"Mimi Mkurugenzi nimefungiwa ndani. Fundi, fungua mlango."

Fundi alikichukua akakisoma mwenyewe. Akakisoma tena.

"Ah," alisema. "Kumbe."

Mlango ulifunguka kabla Katibu Muhtasi hajainua trei ya soda. Wakatoka watatu, vumbi la mafaili limewakaa mabegani na kwenye nyusi. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyejua kama inafaa. Mkurugenzi alipita katikati yetu akiwa ameinua kidevu, akapanda ngazi. Mimi nikaviokota vipande vyote, nikavipanga kwa mfuatano, nikavitia kwenye bahasha.

Jioni nilikwenda darasani kama mtu anayekwenda kuzikwa. Tangazo langu halikusomwa na mtu likiwa langu, na sasa hata lililokuwa la wote lilikuwa limechanika. Nilikwenda tu kwa sababu mwalimu alitufundisha kwamba anayeandika mambo ya kweli husema ukweli hata unapomwangusha. Nilikuwa nimekwisha kujibana kwenye kiti changu, katikati ya kinyozi na mkunga mstaafu, mlango wa darasa ulipofunguliwa na akaingia Mkurugenzi.

"Nimeambiwa umeondoka na vile vipande," aliniambia, kwa sauti ya chini lakini darasa zima lilisikia. "Hizo ni nyaraka za Mamlaka. Hazisomwi nje."

"Karibu, baba," alisema mwalimu. "Hapa anayeingia anakaa."

"Mimi sikai. Unajua mimi ni..."

"Kiti kile pale."

Kuna sauti ambayo mtu aliipata akiwa na miaka saba na haijawahi kumtoka. Mkurugenzi alikaa. Mwalimu akanyoosha mkono, nikampa bahasha, Mungu shahidi, kwa kuwa mkono wake ndio uliotangulia.

Alivisoma vyote kwa sauti, kimoja baada ya kingine, pamoja na maswali yangu mekundu. Hakutaja ni vya nani. Alipofika kwenye mazingira wezeshi, kinyozi alishindwa kujizuia.

"Huyo kafungiwa wapi, ndani ya kamusi?"

Kwenye changamoto ya kimlango, mkunga mstaafu alitoa kitambaa akajifuta machozi. Mkurugenzi alikuwa anatazama dari. Mwalimu alipokifikia kipande cha mwisho alikisoma mara moja tu.

"Mzee wangu," aliniambia. "Tangazo lako la mlango, kuna aliyelifuata?"

"Hakuna, mwalimu. Sina cha kuonyesha."

"Haya maswali pembeni ameandika nani?"

"Mimi. Lakini ni yako, nimeyachukua kwako."

"Yote tunayoandika tumeyachukua kwa mtu. Aliyeyasoma, anakuonea haya?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Huyo hamwonei haya mtu yeyote, mwalimu."

Kiti cha Mkurugenzi kilitoa mlio.

"Na mwisho alifanya maswali yanavyosema?"

"Alifanya. Kwa shida, ila alifanya."

"Basi umefaulu," alisema, akaandika alama kwenye daftari lake. "Nenda kamwandike mama yako."

Niliinamisha kichwa nikamshukuru Mungu. Sikutumia nomino hata moja isiyo ya lazima.

"Sasa hii sentensi ya mwisho," aliendelea mwalimu, akikiinua kile kipande chembamba kwenye mwanga wa taa. "Tangu mwaka uanze sijaletewa iliyo safi kama hii. Nani, ana shida gani, anataka nani afanye nini. Hakuna neno la kutoa. Ni ya nani?"

Mimi nilinyamaza, kwa kuwa mkubwa ni mkubwa. Nilimtazama Mkurugenzi. Uso wake ulikuwa unahangaika. Akinyamaza, hakuna atakayejua kwamba alifungiwa stoo huku picha yake ikitabasamu nje. Akisema, atapata sifa. Na katika utumishi wake wote, nadhani, hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa jambo alilolifanya kweli.

"Ni yangu," alisema.

"Yako wewe?" alisema kinyozi. "Wewe ndiye wa kimlango?"

"Na hiyo pia ni yangu. Lakini ya mwisho ni yangu peke yangu. Wale wawili walitaka kutia neno, nikawakatalia."

Darasa lilimpigia makofi. Nimempigia makofi Mkurugenzi miaka mingi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akitaka yasiishe.

"Vizuri sana," alisema mwalimu. "Umejiandikisha. Mwanafunzi mpya husimama akaahidi mbele ya wenzake."

"Mimi sikuja kujiandi..."

"Simama, baba."

Alisimama. Kiti kilisimama naye, kwa kuwa kilikuwa kimembana kiunoni, na mkunga mstaafu, kwa mikono iliyozoea, akamtoa taratibu. Mkurugenzi akavuta koti, akakohoa.

"Kwa kuzingatia umuhimu wa..."

"Nani?" alisema mkunga.

"Mimi."

"Utafanya nini?" aliuliza kinyozi.

Aliyatazama yale magoti yetu, madawati, kalamu nyekundu mkononi mwa mwalimu. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alinena bila salamu kwa wadau.

"Mimi kesho asubuhi nitaishusha picha yangu, na mahali pake nitabandika maneno sita ya mzee huyu. Mkikuta nimeongeza la saba, nirudisheni ndani mfunge."